Sura ya Tano: Wimbo wa Saba Hauna Jina

Tangu asubuhi Kapteni Wadud alikuwa ameusikiliza wimbo wa saba mara nne, na mara zote nne alichoambulia ni hamu ya chai.

Ukapteni wenyewe ulikuwa umebaki mdomoni tu. Miaka kumi na tisa ya upelelezi wa makosa ya jinai mjini Kabul ilikuwa imeishia kwenye mkokoteni wa dengu za kuchemsha, kona ya Shor Bazar, theluji imefika kwenye ekseli. Wateja walimwachia cheo kwa kuwa kilinogesha chakula. Kapteni, ongeza siki. Kapteni, leo hujakamata mtu? Naye aliwaongezea siki, na huku waya mwembamba wa kusikilizia umepita chini ya shuka lake la sufu hadi sikioni, ambako rubabu, ala ya nyuzi iliyopigwa marufuku na watawala pamoja na muziki wote, ilikuwa inalia kana kwamba haijapata habari.

Albamu ilikuwa na nyimbo kumi na nne, za kale na za kisasa, zimechanganywa bila kuoneana haya: nyimbo za arusi za Logar, ghazali mbili, kibao cha redio cha enzi za baba zao, hata kijana mmoja wa kinanda cha umeme anayemlilia binti wa jirani mpaka unamwonea huruma jirani. Aliyezikusanya ni Rohullah, fundi wa kurekodi aliyekimbilia Hamburg. Rohullah hakuwa mjinga. Kwenye jalada aliandika majina ya wafu tu. Walio hai wote waliitwa "mpigaji asiyejulikana", na miji na miaka akaibadilisha. Katika albamu ile, ili utajwe ilikubidi kwanza ufe.

Wimbo wa saba uliandikwa hivi: rubabu na tabla, mpigaji asiyejulikana, Herat, miaka arobaini na tano iliyopita. Ukweli ni kwamba ulirekodiwa baridi ya mwaka juzi, hapo hapo Kabul, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mikate. Ngozi ya rubabu haipendi unyevu, na ukuta wenye tanuri upande wa pili huitunzia mkazo wake kuliko hita yoyote. Aliyeipiga ni Ustadhi Najmuddin. Kwenye tabla, zile ngoma mbili ndogo, alikaa mwanawe Zubair, kijana wa miaka ishirini na minne.

Siku kumi na mbili zilizopita, saa sita mchana, watu watano waliingia nyumbani kwa Najmuddin wakamwita kwa jina. Walimwambia: wewe ndiye wimbo wa saba. Rubabu wakaivunja mlangoni, yeye wakaondoka naye. Zubair alikuwa juu ya paa akikokoa theluji kwa koleo. Alirukia paa la jirani, na la jirani wa jirani, na tangu siku hiyo alikuwa analala kwenye stoo ya unga ya Asef, mwenye duka la mikate.

Asef ndiye aliyemwajiri Wadud. Alitaka jina la mtu aliyemtaja Najmuddin, na alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, aliyoisema taratibu huku akikanda donge, ni kwamba angemwoka mtu huyo tanurini. Ya pili ndiyo iliyomfanya Wadud akubali kazi. Kama msaliti alimjua baba peke yake, Zubair angeweza kubaki ndani ya unga mpaka theluji iyeyuke na shangazi yake wa Peshawar atume mtu wa kumchukua. Kama alimjua na mtoto, basi Zubair alipaswa kuondoka leo, kwa barabara ya Jalalabad yenye vizuizi saba, na hakuna mtu aliyewahi kuhesabu vizuizi hivyo akabaki na raha.

Wadud akafunika sufuria la dengu, akasukuma mkokoteni mpaka kwa Basir.

Basir alikuwa fundi wa kujaza nyimbo kwenye kadi za simu. Ndiye aliyeisambaza albamu Shor Bazar nzima, kwa hiyo Asef alimtuhumu kwanza, na wapwa wa Asef walikwisha kumtembelea. Meno mawili ya mbele hayakuwepo.

"Umekuja kumalizia yaliyobaki, Kapteni?"

Wadud akasema amekuja kuuliza tu. Akaomba kuona daftari lake la zamani la nyimbo. Basir akalitoa chini ya rafu ya vioo vya simu, huku akieleza kwamba siku hizi anajaza kaswida zisizo na ala na mawaidha, na kwamba simu za Kabul zimekuwa na dini kuliko wenyewe. Kadi za albamu ile aliuza kama arobaini kabla hajaogopa.

Kwenye daftari, mbele ya namba saba, alikuwa ameandika: Mzee wa Herat.

"Ndivyo ulivyowauzia watu?"

"Ndivyo jalada lilivyosema."

"Hukujua ni Najmuddin."

Basir akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Ningejua ni Najmuddin ningeandika Najmuddin kwa herufi za mlango mzima. Nani ananunua mzee wa Herat? Kadi arobaini, Kapteni. Ningeuza mia tatu."

Wadud akalifunga daftari. Mwongo angeapa, angelia, angemtaja mama yake. Huyu alikuwa analilia biashara, siku kumi na mbili baadaye, na mdomo umevimba. Mchuuzi anayejua jina kubwa halihifadhi. Wadud akamfuta kwenye orodha yake, ambayo haikuwa na mtu mwingine.

Alipokuwa anatoka, Basir akamuuliza ni lini Asef atakuja kumwomba radhi. Wadud akasema hajui. Akauliza naye swali lake la mwisho: nani kati ya wanunuzi wale alikamatwa kwanza? Basir akajibu kwamba ni Shirin Agha, dereva wa teksi. Kadi ilikutwa kwenye redio ya gari. Walimwachia juzi.

Shirin Agha alikuwa amekaa nyumbani kwake, miguu ameiingiza kwenye mfarishi uliofunikwa juu ya meza fupi yenye makaa. Hakusimama kumpokea mgeni. Aliomba radhi, akasema miguu yake imekuwa mikubwa kuliko viatu vyote vya nyumba hiyo, na kwamba klachi ya teksi sasa inambonyeza yeye. Mkewe akaleta chai na lozi za sukari. Wadud akanywa chai aliyoitamani tangu asubuhi, haikumfaa kitu.

Akamuuliza kama alimtaja mtu yeyote. Shirin Agha akasema angewataja wote kama angewajua. Walipomuuliza mpigaji wa wimbo wa saba ni nani, alijibu Herat, akapigwa. Akajibu hajui, akapigwa. Akajibu majina matatu ya wapigaji waliokufa, wakampa maji.

"Walianzaje kuuliza habari ya wimbo wa saba?" Wadud akauliza. "Nyimbo ni kumi na nne."

"Waliusikiliza."

"Nani?"

"Karani wao. Kijana, miwani, sauti ya upole. Nilidhani kadi wataivunja tu. Alivaa vile vifaa vikubwa vya masikioni, akachukua karatasi, akasikiliza zote kumi na nne, moja baada ya nyingine, kama mtu wa mtihani. Kisha akarudia."

"Akasema nini?"

"Hakusema, aliandika. Alipofika ya saba akairudisha nyuma, mara tatu, mara nne. Akamwita mkubwa wake, akampa sikio moja asikilize naye."

"Sehemu gani ya wimbo?"

"Kapteni, nilikuwa nimening'inizwa. Saa sikuvaa."

"Mwanzoni au mwishoni?"

Shirin Agha akafikiri. Akasema katikati, kwa maana kupitia vifaa vile alisikia tabla imeshaingia na rubabu imeshapamba moto. Akaongeza kwamba, Mungu amsamehe, hata katika hali ile alisikia kwamba aliyepiga anajua kupiga.

Wadud akaaga. Nje, kwenye ujia, jenereta ya fundi cherehani ilikuwa inapiga kelele za kutosha kuficha dhambi yoyote. Akaegesha mkokoteni karibu nayo, akatoa penseli, akauwasha wimbo kwa mara ya tano.

Safari hii aliusikiliza kwa namna ambayo hajawahi kusikiliza muziki, bila kuupenda. Aliufanya shahidi. Rubabu akaisukuma pembeni, tabla akaisukuma pembeni, akaandika kila kitu kilichobaki. Dakika ya kwanza, mtu anavuta kiti. Dakika ya pili, kikohozi. Dakika ya nne, donge la unga linachapwa ukutani mwa tanuri, mbali. Dakika ya sita, mwanamume anasema, na lile jan la mapenzi mwishoni: Uishi, Ustadhi Najmuddin jan. Dakika ya tisa, mwanamume yule yule: Zubair mwanangu, mkono wako usiumwe.

Penseli ikasimama.

Maneno hayakuwa yamefichika. Yalisemwa wazi, kwa furaha, karibu na kinasa sauti. Na yeye mwenyewe, mpelelezi wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameyapita mara nne asubuhi hiyo kama mtu anavyopita kizingiti cha nyumba yake. Mpigaji akipiga kipande kizuri, msikilizaji husema. Akinyamaza amemtukana. Na akisema, hutaja jina, maana sifa isiyo na jina ni ya nani? Hakuna mtu wa Kabul anayeyahesabu hayo kuwa mazungumzo. Ni sehemu ya pigo. Rohullah alikata utambulisho wa mwanzo, akakata shukrani za mwisho, akabadilisha mji na mwaka, na lazima aliusikiliza wimbo ule mara mia akiusafisha. Hakuyasikia. Basir hakuyasikia, wala watu arobaini wa kadi arobaini. Ilihitaji mtu anayeuchukia muziki ili ayasikie, na mtu huyo akapatikana, tena ana miwani.

Kwa hiyo hakuna aliyemuuza Najmuddin. Kilichobaki ni kujua sauti ile ni ya nani. Ndani ya chumba walikuwa wanne. Najmuddin hawezi kujisifu. Zubair hamwiti baba yake hivyo, wala hajiiti mwanangu. Rohullah alishika kinasa sauti na pumzi yake. Wadud hakuhitaji hata hesabu hiyo. Sauti ile ilimwamsha kila alfajiri, ikitangaza mikate ya moto ujia mzima.

Na Zubair alikuwa ametajwa. Akina Zubair wamejaa Kabul, ni kweli, lakini mzee yuko mikononi mwao siku ya kumi na mbili, na kumuuliza mtu Zubair ni nani hakuchukui siku kumi na mbili.

Dukani, Asef alikuwa amekaa ukingoni mwa tanuri, miguu ameikunja, anapokea mikate kwa kulabu na kuitupa mezani. Wadud akamwambia waende chumba cha nyuma. Asef akamwachia kulabu mfanyakazi wake.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Basir."

"Si Basir. Basir nenda kamwangukie miguuni, halafu mlipie daktari wa meno."

Wadud akampa sikio moja la waya, jingine akalibakiza yeye, akauanzisha wimbo karibu na dakika ya sita. Asef akafumba macho. Kichwa kikaanza kuyumba polepole. Sauti yake ikapita, Uishi, Ustadhi Najmuddin jan, na uso wake ukakunjuka.

"Hapo," akasema. "Sikiliza anavyorudia hapo."

Wadud akarudisha nyuma. Yakapita tena. Asef akatikisa kichwa vile vile, kwenye mapigo yale yale, hakusikia kitu. Mara ya tatu Wadud akainua kidole, sekunde moja kabla, akakishusha juu ya neno lenyewe.

Kichwa kikaacha kuyumba.

Asef akauchomoa waya sikioni, akauweka juu ya gunia la unga, akausogeza mbali kidogo kwa kidole kimoja.

"Hiyo ni sauti yangu."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namsifu."

"Najua, Asef."

"Mtu anapiga vile, wewe ukae kimya? Utakuwa ng'ombe?" Akakaa chini ya ukuta wa tanuri. Akasema hakumbuki kusema. Akasema huenda kila usiku wa muziki maishani mwake amesema hivyo, na hakumbuki hata mmoja. Kisha akauliza kama kuna jingine, na Wadud akamwambia kuhusu dakika ya tisa, kwa sababu ndiyo iliyomtaja Zubair.

Wakapanga haraka. Lori la unga lilikuwa linarudi Jalalabad likiwa tupu saa nane. Dereva alikuwa mtu wa Asef kwa miaka kumi na moja. Zubair angelala chini ya magunia matupu. Wadud alisema wazi kwamba haipendi njia hiyo. Akasema pia kwamba hana nyingine.

Zubair akatolewa stoo, mweupe kutoka nywele hadi soksi. Kwa siku kumi na mbili alikuwa anajitania kwamba akifa watamzika bila kumkafini. Akasikiliza habari ya lori bila kubisha, akafunga viatu. Ndipo akauliza ni nani.

"Hakuna mtu," Wadud akasema.

"Hakuna mtu hawezi kutaja jina, ami."

"Ni mimi," Asef akasema kutoka chini ukutani. Akaeleza yote kwa sentensi tatu, akitazama sakafu.

Vidole vya mkono wa kulia wa Zubair vikaanza kugonga paja, taratibu, vikitafuta mahali katika wimbo, na vilipopafika vikasimama.

"Ulipomtaja," akasema, "baba alikirudia kile kipande. Hatukukipanga. Alikirudia kwa ajili yako, tena kwa juu, na mimi nikakosa pigo moja kwa kushtuka. Rohullah aliniambia ndiyo sababu aliuchukua ule wimbo. Tulimpa nyimbo sita achague."

Zubair akainama, akaishika mikono ya Asef, akaibusu yote miwili kama angeibusu ya baba yake. Kofi lingekuwa rahisi zaidi kulipokea. Kisha akapanda lori, akafunikwa magunia, likaondoka.

Wadud hakurudi kwenye dengu. Alimweleza Asef jambo moja lililobaki. Karani ana majina mawili, lakini pia ana sauti ya mtu wa tatu isiyo na jina, na ameisikiliza mara nyingi kuliko mke wa mwenye sauti. Kwa hiyo kuanzia sasa Asef asitangaze mikate, asizungumze na wateja, asipokee simu. Awe bubu mpaka aambiwe vingine. Asef akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameshaanza.

Wakakaa wakisubiri dereva apige kutoka kizuizi cha mwisho. Wafanyakazi waliendelea kuchapa mikate upande wa pili wa ukuta. Mteja mmoja aliuliza mbona mzee leo hapigi kelele, akajibiwa ana mafua.

Saa tisa na nusu simu ya Asef ikalia. Jina kwenye kioo lilikuwa la dereva. Saa tisa na nusu ilikuwa mapema mno kwa kizuizi cha mwisho. Ilitosha kwa cha pili. Wadud akaipokea yeye, akafungua spika, hakusema kitu.

Hakuwa dereva. Ilikuwa sauti ya kijana, ya upole, na nyuma yake karatasi zinafunuliwa. Ikasema lori limesimama kwa ukaguzi mdogo, dereva hana neno, abiria wake pia yuko salama. Walitaka tu kuthibitisha unga ni wa nani. Ikauliza inazungumza na nani.

Wadud akaweka kidole mdomoni. Asef alikuwa anaitazama simu.

Kijana akasubiri. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akauliza tena, akasubiri tena. Kisha, kama mtu aliyekumbuka adabu aliyoisahau, akasema:

"Asalaam alaikum."

Wadud akatikisa kichwa, hapana. Bado ilikuwa inawezekana kukata, na kidole chake kilikuwa kimeshafika. Asef akaushika mkono wake, bila nguvu, akaichukua simu kutoka humo. Akaifuta unga kwa kiganja. Akaisogeza mdomoni, akaijibu salamu yote, neno kwa neno, kwa sauti ile ya alfajiri inayofika mwisho wa ujia.

"Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh."

Upande wa pili kalamu ikasikika ikiandika kitu kifupi.

"Ndiye," kijana akasema, akimwambia mtu mwingine.